Salamu ya Kumtoa Patroni Ndani ya Mjusi

Ninyi vijana wa volani, madereva wa leo, Jumapili iliyopita niliwaona mbele ya parokia, musikatae. Mulikuwa na ile gari ya arusi, nyekundu, ya chini, yenye milango miwili, na mulikuwa munamwingiza ndani baba ya bwana arusi. Mmoja anasukuma kichwa, mwingine amekamata mguu, mzee mwenyewe anasema "ngojeni, ngojeni kidogo", na hakuna anayengoja. Mulimpakia kama mufuko wa muhogo. Alipofika ndani kofia ilikuwa imeangalia nyuma, na kiatu kimoja kilikuwa kimebaki barabarani.

Minye nilikuwa nimesimama ng'ambo ya barabara na fimbo yangu. Mulinipita. Hakuna hata mmoja aliyeuliza, "Muzee Kashindi, weye ulizoea gari za namna hii, tufanye namna gani?" Basi niliona wivu. Ndiyo, wivu, mu umri huu. Nilirudi nyumbani bila kuonja wali wa arusi, nikamwambia mke wangu Mauwa kwamba kazi yangu mu mji huu wa Uvira imepewa watu wasioijua. Mauwa akanijibu: "Kazi gani? Uliacha volani hao vijana hawajaota meno." Kwa hiyo nimeamua niwaambie mwenyewe, mukae mukisikiliza.

Nilikuwa shofere wa mfanyabiashara mmoja wa Songo ambaye sisi wote tulimwita Patroni. Alinunua mchele wa Bwegera, kule mu bonde, akauuza ng'ambo ya ziwa. Alikuwa mjane, mzito wa mwili, na nyonga zake zilikuwa zimezeeka kabla yake. Miaka mingi nilimwendesha na kamioneti, gari ya mizigo ambayo unapanda vile unavyopanda kitanda. Halafu mgeni mmoja wa Bujumbura, aliyekuwa anakimbia fujo za kule, akamwachia kwa bei ya kuaga gari ya mbio, ya watu wawili tu, iliyokuwa fupi mpaka mbuzi aliweza kuangalia juu ya paa lake. Watu wa mtaa waliiita Mjusi, kwa sababu ilitembea tumbo chini.

Na Mjusi ingeenda wapi? Uvira ilikuwa na gudro moja, barabara ya lami inayotoka Kavimvira kwenda bandarini Kalundu, na yenyewe ina mashimo. Ukitoka kwenye lami kidogo tu, tumbo linakwaruza mawe na Patroni anafumba macho. Gari iliyotengenezwa kwa kukimbia, sisi tulikuwa tunaitembeza kama mgonjwa aliyetoka hospitali. Siku moja nikamuuliza kwa nini aliinunua. Akaniambia: "Kashindi, nilipokuwa na magoti sikuwa na makuta ya kununulia. Unataka ningoje nini tena?"

Sasa musikie namna tulivyopata aibu ya kwanza. Ilikuwa baada ya misa. Patroni aliingia Mjusi vile alivyozoea kuingia kamioneti, kichwa kwanza. Ninyi munajua adabu ya kwetu, mtu mkubwa hawaachii watu matako. Lakini ukiingia gari ya chini kichwa kwanza, kichwa kinapita, mabega yanapita, na kile kinachobaki nje kinawaangalia Wakristo wote. Akakwama palepale. Padri alikuwa kwenye ngazi, na bamama ba kwaya nyuma yake. Padri akaanza kuangalia mawingu. Mwalimu wa kwaya, sijui kwa huruma ao kwa kuficha kicheko, akaanzisha wimbo ambao hakuna aliyeuomba. Minye nilishika kiuno cha Patroni kwa nyuma, sijui nisukume ao nivute, na jasho linanitoka kama niko mu matanuru ya matofali.

Aliyenifundisha kazi ni Mauwa, na wala hakutaka kunifundisha, alikuwa ananicheka. Nilimpa habari ya ile aibu jikoni. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake kifupi, mutoto mgongoni, anasonga bugali. "Minye nakaa chini kuliko ile gari yenu kila siku," akasema. "Umekwisha kuona nimekwama?" Nikamwambia asimame, kisha akae tena. Akasimama, akakaa. Nikamwambia tena.

"Unaniangalia matako ao unajifunza?" akauliza.

Nilikuwa ninajifunza, Mungu shahidi yangu. Niliona kwamba akitaka kukaa anakipa kiti mgongo, anarudi nyuma mpaka kiti kimguse nyuma ya miguu, ndipo anajishusha. Akitaka kusimama, anavuta miguu ndani mpaka chini ya magoti, anainama mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, na matako yanainuka yenyewe, na mutoto wake juu. Hakuna anayemvuta. Kesho yake nikaenda kwa Patroni kabla hajamaliza chai.

Basi shikeni hii, na yule wa gari ya arusi aishike mara mbili. Usisimamishe gari ya chini kando ya ngazi wala kando ya ukingo wa mfereji. Tafuta mahali barabara iko juu na pembeni pake kumeshuka, ili miguu ya mzee ikanyage chini kuliko magurudumu. Hapo kiti kimepanda bila fundi mekanisye. Sogeza kiti nyuma mpaka mwisho kabla hujamwita. Tandika kikwembe, kitenge laini, juu ya kiti. Musitandike taulo, taulo inamshika mtu, kikwembe kinamwacha ageuke. Halafu mgongo kwanza, akae, na weye uweke kiganja chako kati ya kichwa chake na chuma cha paa, maana chuma hakiombi pole. Mwisho miguu, magoti mawili kwa pamoja, yazunguke yaingie. Asikamate mlango, mlango unakimbia. Akamate nguzo ya kioo.

Ile ya magoti pamoja Patroni aliikataa mwanzoni. "Kashindi, sasa umenifanya mwanamke?" Nikamjibu, "Patroni, bamama banaingia." Akafikiri. Akageuza magoti.

Kuingia si kitu, uzito wako unakusaidia. Kutoka ndiko kulikuwa na kazi. Magoti yake hayakuweza peke yake, hata pua ikipita vidole. Alihitaji mkono, na mkono aliukataa. "Nikivutwa mbele ya soko la Nyamianda," alisema, "kesho kila mutu wa mchele atajua nimechoka, na bei itajua vilevile." Alikuwa na haki. Sokoni watu wanakusoma mwili kabla ya kusikia mdomo wako.

Nilikaa na ile shida mpaka siku nilipokuwa namsalimia baba mkwe. Hapa kwetu ukimpa mkubwa mkono wa kuume, ule wa kushoto unakamata mkono wako mwenyewe, hapa karibu na kiwiko, na unainama kidogo. Ni heshima, kila mutoto anaijua. Lakini jaribuni sasa hivi, hapo mulipo. Mkono uliokamatwa hivyo una nguvu za mikono miwili, na mgongo ulioinama hivyo uko tayari kubeba. Nilimwacha baba mkwe mkono wake uko hewani, nikakimbia kwa Patroni.

Tangu siku ile nikisimamisha Mjusi nilikuwa nazunguka, nafungua mlango, nainama, nampa mkono. Yeye anakamata kwenye kigasha, si vidole, vidole vinateleza. "Jambo, Patroni." "Jambo, Kashindi." Na tayari amesimama, anavuta koti. Watu wa Nyamianda wakaanza kusema: "Angalia ule shofere! Wametoka pamoja nyumbani, na bado anamusalimia muzee!" Nikapata jina la adabu mu mji mzima. Bamama wakanionyesha kwa batoto wao. Kumbe nilikuwa kriki tu, ile ya kuinulia gari.

Lakini niwaambie, nilianza kuupenda ule mkono. Uzito wa mtu ukija wote juu yako, na watu wanafikiri munasalimiana tu, hiyo ni siri ya watu wawili. Siku moja mlinzi wa soko alimfungulia Patroni mlango mbele yangu. Sikumsemesha ule mlinzi mpaka Pasaka.

Kilichoniuza ni bega langu la kuume. Lilianza kulia kila nikimwinua, halafu likakataa kabisa. Patroni akasema nitafute kijana mwenye mikono. Na ni mjinga gani aliyemleta Deo? Ni minye mwenyewe. Nilimtoa Bwegera, alikokuwa akipakia mchele kwenye kamioneti yetu. Alikuwa mtu wa bonde, msema Kirundi, mpole, rozari shingoni, na alibeba gunia kama mwingine anavyobeba mutoto mchanga. Kuendesha alijua kidogo. Nilimfundisha mengine yote alasiri moja, kikwembe, kiganja, magoti, kigasha. Vile nilivyotafuta mwaka mzima, yeye alivichukua kabla chai haijapoa.

Na kisha akaongeza vyake. Salamu yangu ilikuwa fupi. "Jambo, Patroni" ilikwisha mzee akiwa katikati, na nusu ya pili ya safari tulikuwa tunaimaliza kimya, watu wote wanasikia magoti yake yanalia. Deo yeye alisalimia kwa Kirundi, na munajua watu wa bonde, salamu yao haina haraka. "Mwiriwe, mutama. Amahoro?" Yaani, salamu mzee, kuna amani? Halafu anauliza watoto. Halafu mashamba. Halafu mvua. Halafu ng'ombe. Patroni alijua Kirundi kwa sababu ya biashara, akawa anajibu kila neno, na kila jibu linampandisha kidogo, mpaka wakifika kwenye ng'ombe amesimama wima kama nguzo ya umeme. Patroni hakuwa na ng'ombe hata mmoja! Lakini alijibu kwamba wako wazima, na alicheka, na hakuna aliyesikia magoti.

"Ule kijana," akaniambia, "salamu yake inaniinua yenyewe. Weye pumzisha bega, Kashindi. Kamata kamioneti, ufuate mchele Bwegera."

Kwa hiyo Deo alipata Mjusi na minye nikapata vumbi. Narudi toka bonde, masikio yamejaa mchanga, nakuta Mjusi inang'aa uwanjani, Deo anapangusa kioo kwa kitambaa changu. Kitambaa changu! Nilikuwa nakwenda kwa Patroni kutoa hesabu ya mifuko, nikimaliza nauliza, kama mtu asiyejali: "Deo anakushusha vizuri?" "Vizuri sana." Kesho yake nauliza tena. Sijui nilitaka anijibu nini. Nikifika nyumbani sili. Mauwa alinivumilia, halafu siku moja akaweka sahani chini kwa kishindo.

"Minye njo nilipaswa kuwa na wivu," akasema. "Unamulilia Patroni kama bibi aliyeletewa mke mwenza."

Nikamwambia haelewi mambo ya kazi. Akasema anaelewa mambo ya mke mwenza.

Halafu vita ikashuka. Sitawaeleza vita, kila nyumba hapa ina yake ya kueleza. Risasi tulizisikia kwanza upande wa bonde. Njia ya Bwegera ikafungwa, wenye bunduki wakaikamata kamioneti na mchele wake, nikarudi Uvira kwa miguu. Na siku zile lugha peke yake iliweza kumfikisha mtu pabaya. Wasema Kirundi wa bonde walianza kuangaliwa kwa jicho lingine, hata wale ambao babu zao wamezikwa hapahapa. Deo aliacha kwenda sokoni. Alilala kwa Patroni, na hata rozari aliitia ndani ya shati.

Asubuhi moja Patroni akatuita uwanjani, Deo na minye. Kulikuwa na mashua ya mwisho Kalundu, inapakia watu wa kwenda Kigoma, na mwenye mashua alikuwa rafiki yake wa mchele. Patroni alikuwa amevaa koti lake la misa. Mjusi ina viti viwili, cha mzee na cha anayemwendesha. Hata mutoto wa miaka miwili angefanya ile hesabu.

"Deo ataniendesha, na tutavuka wote," akasema, na hakuniangalia. "Kashindi, weye uko na Mauwa na batoto. Baki nao."

Sababu ilikuwa nzuri. Hakuna sababu niliyowahi kuichukia kama ile. Nikaenda kumwambia Mauwa, naye alikuwa anafunga vitu tukimbilie kwa dada yake mlimani. Aliniangalia uso, akasema, "Nenda umusindikize Patroni wako mpaka Kalundu, roho yako itulie. Kisha urudi haraka, tuko tunakungoja."

Sasa musikie maajabu ya ile gari. Barabara ilikuwa imejaa watu, magodoro, masufuria, kuku, mbuzi. Ile mashine ya mbio ilitembea mwendo wa mbuzi. Minye nilitembea kando yake njia yote, mkono juu ya paa, na mara mbili nililazimika kuingoja. Kupitia dirishani nilimwona Patroni amekaa chini kabisa, magoti ya watu yanapita usoni pake. Nikainama nikamuuliza kama kikwembe kimetandikwa vizuri. Deo akajibu kabla yake: "Kimetandikwa, yaya." Aliniita yaya siku zote, kaka mkubwa, na siku zote iliniuma.

Kabla ya kufika Kalundu kulikuwa na bariyeri, gogo na askari. Wote washuke. Deo akashuka, akazunguka, akafungua mlango, akainama, mkono wa kuume mbele, wa kushoto kwenye kiwiko. Mazoea ni kitu kibaya. "Mwiriwe, mutama. Amahoro?"

Askari mmoja akageuka. "Weye! Unamusalimia nani?"

Deo akashtuka, akaachia. Patroni, aliyekuwa ameinuka nusu, akarudi chini ndani ya kiti, pu!

"Mumetoka pamoja mu gari moja," askari akasema, "sasa unamusalimia kama muntu munakutana leo? Na ile luga? Ule muzee humujui! Umemuibia gari na yeye mwenyewe ndani!"

Mara moja Deo alikuwa amekalishwa chini, viatu vimevuliwa, mikono kichwani. Watu walioko nyuma yetu wakarudi hatua mbili na mizigo yao. Patroni alikuwa anasema, nilimsikia anasema kwa nguvu, lakini alikuwa chini kule, hawezi kutoka peke yake, na askari wote wanaangalia juu ya paa. Mtu aliyekaa mu Mjusi anasemesha viatu vya watu.

Akaja mkubwa wao, komanda. Akaniona na mkono wangu bado juu ya paa. Alikuwa amewahi kupanda kamioneti yangu.

"Weye nakujua," akasema. "Weye njo shofere wa uyu muzee. Si vile?"

Vijana, niliyokuwa nangoja kusikia miezi yote ile ndiyo hayo, na niliyasikia mbele ya watu wa Uvira. Nikisema ndiyo, kiti ni changu, volani ni yangu, Patroni ni wangu mpaka Kalundu. Na Deo anabaki pale chini bila viatu. Nilimwangalia. Hakuniomba kitu. Midomo yake ilikuwa inakwenda, nafikiri alikuwa anasali, na kwa lugha gani sikutaka kujua.

"Hapana, komanda," nikasema. "Nilikuwa zamani. Shofere wake ni uyu. Minye njo nilimufundisha. Na ile salamu si salamu, ni kazi. Muzee hana magoti."

"Salamu ni kazi?"

"Ni kazi."

"Onyesha."

Nikafungua mlango vizuri. Patroni aliniangalia kwa macho makubwa. Nikainama, nikampa mkono, akakamata kigasha, nikasema, "Jambo, Patroni." "Jambo, Kashindi." Na bega likapasuka kwa maumivu. Mzee alifika nusu, akabaki hapo anatetemeka, minye natetemeka, magoti yanalia, askari wanaanza kucheka. Nikavuta kwa nguvu zangu zote, zote kabisa. Akaniponyoka, akarudi kwenye kiti.

"Bado kidogo," nikasema. "Bega langu tu."

"Toka," komanda akasema. Akamwonyesha Deo kwa kidole. "Weye. Fanya vile ulikuwa unafanya. Na ile luga yako."

Deo akaja bila viatu. Akainama. Ni Patroni aliyeanza, kutoka kule chini: "Mwiriwe, Deo." Ndipo kijana akajibu, akauliza watoto, Patroni akajibu. Mashamba, Patroni akajibu, na kichwa chake kikatoka juu ya paa, watu wote wakakiona. Mvua. Ng'ombe. Ile ya ng'ombe aliijibu amesimama wima, koti limenyooka, na mama mmoja mwenye godoro kichwani akapiga kigelegele bila kujizuia.

Komanda alicheka mpaka akashika bunduki isianguke. "Kweli, ni wake," akasema. "Hakuna muntu anaweza kuiba muzee namna ile. Mupe viatu vyake. Mupite."

Huko mlimani, na baadaye hapa mjini, watu walinisifu sana. "Kashindi uko na akili! Ulijifanya umeshindwa, kusudi komanda aone." Mpaka leo wako wanaosema hivyo, hata padri alinisifu. Sikujifanya! Musikie vizuri, kwa sababu hii ndiyo inanichoma. Nilimwinua kwa nguvu zote Mungu alizonipa, nikashindwa, na Deo akamwinua mbele ya macho yangu, na kushindwa kwangu ndiko kulikomwokoa. Nilifurahi yuko hai. Nilimtakia uzima na nilimwonea wivu, vyote viwili kwa pumzi moja, na gari ilipoondoka nilimwona Patroni anacheka kitu alichoambiwa, na sikujua ni kitu gani.

Nikarudi kwa miguu kwa Mauwa, tukapanda mlimani.

Mjusi ilibaki Kalundu. Tuliporudi niliikuta haina injini wala magurudumu, na mama mmoja alikuwa anaanika ndagala, samaki wadogo wa ziwa, juu ya paa lake. Zinakauka haraka, alisema, chuma kinapata joto zuri. Patroni hakurudi. Alifia Kigoma, na habari ilitufikia baada ya mazishi. Nikitaka kusema kweli, sikulia kwanza. Kwanza nilifikiri kwamba Deo alikuwepo na minye sikuwepo.

Na Deo alioa kule, akabaki. Miaka ikapita bila neno. Halafu, juzi juzi tu, simu ikalia wakati tunakula, namba ya Tanzania. "Yaya Kashindi?" Sauti imekuwa nzito, lakini nilimjua. Tukasalimiana kirefu, akauliza watoto, mashamba, mvua, na nilipoona anakaribia ng'ombe nikamwambia aseme kilichomleta.

"Yaya, magoti yangu yameanza," akasema. "Kijana wangu ananiinua, ananiumiza. Nimekufikiria. Kuna kitu sikukuambia. Huku Kigoma nilikuwa namwinua Patroni kila asubuhi kitandani. Na kila asubuhi alikuwa anasema: 'Deo, nguvu unazo. Lakini Kashindi alikuwa ananiuliza kwanza kama niko tayari.' Kila asubuhi, yaya! Nami namwinua, mgongo unaniuma, yeye ni Kashindi, Kashindi. Hata siku ya mwisho. Nilikuonea wivu mpaka siku ingine nikataka nimwache palepale, amungoje Kashindi wake."

Sikukumbuka kwamba nilikuwa namuuliza. Labda nilimuuliza. Mauwa alikuwa ameacha kula, ananiangalia.

"Alo, Deo," nikasema, "rezo ni mubaya, sauti inakatika. Umesema uliona nini?"

"Wivu, yaya! Niliona wivu!"

"Nani aliona wivu?"

"Minye! Minye Deo!"

"Juu ya nani?"

Rezo ilikuwa nzuri kabisa. Nilimrudisha hivyo kwenye maneno yaleyale mpaka unite za simu zikamwishia.